Usilirudishe Jiwe la Zambarau

Bwenini, Iringa
Jumapili

Kaka Ambakisye,

Kamwene, kama wanavyosalimiana huku. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la Mama limepungua maumivu sasa baridi ya hapo Ilomba inapoanza kulegea. Mimi sijambo. Mitihani ya nusu muhula imekwisha na vidole vyangu bado vina wino. Baba mdogo anapanda basi la kesho asubuhi, kwa hiyo naandika haraka nimpe barua hii aje nayo pamoja na pete yako.

Amenionyesha ujumbe wako. Umesema wazazi wa Neema wamekubali posa, lakini kwa kuwa jiwe la pete lilileta maneno, utalirudisha kwa sonara akubadilishie jekundu. Tafadhali, kaka, usilirudishe. Soma kwanza.

Kosa ni langu. Uliponiuliza rangi gani inafaa, ukasema mimi ndiye ninayeshinda maktaba, nilifurahi mno. Nilipekua vitabu vinne. Sikufikiria hata mara moja kwamba Neema anakaa Mlandege, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka shuleni, na ningeweza kumwuliza mwenye kidole.

Jana matroni alinipa ruhusa, nikaenda na Baba mdogo nyumbani kwao. Yeye kama mshenga wako alizungumza vizuri sana mpaka alipofungua kiboksi cha pete. Mama yake Neema alikipokea, akatazama ndani. Kisha akasema, "Hii si zambarau?"

"Ndiyo, mama," Baba mdogo akajibu.

"Mimi ndiye ninayefua nguo za altare parokiani. Rangi hii naipiga pasi Kwaresma nzima. Padre akienda kuzika, mara nyingi anavaa hii hii. Sasa niambie, binti yangu anaposwa au anaagwa?"

Kanisani kwetu mchungaji huvaa suti tu, ningejuaje kwamba rangi zina majira yake? Baba mdogo akacheka peke yake. "Aa, mama, rangi ni rangi tu."

"Kama ni rangi tu, mngeleta nyekundu."

Hapo Baba mdogo akanigeukia. Unamjua, si mtu wa kubeba lawama peke yake. "Aliyechagua ni huyu msomi wetu."

Nilisimama kama niko darasani. Nilisema yote. Nilisema kitabu kimeandika kwamba jiwe jekundu ni mapenzi ya moto, la kijani ni matumaini, la buluu ni ukweli, na la zambarau ni uaminifu na akili iliyotulia. Nikasema kaka yangu si mtu wa moto. Akimpenda mtu, anatulia.

"Hicho kitabu kinamjua Neema?" mama yake akauliza.

"Hapana, mama."

"Na wewe, ulimwuliza?"

"Hapana, mama."

Akafunga kiboksi na kukisukuma upande wa Baba mdogo. Nikajua nimekuvunjia uchumba kwa sababu ya maktaba.

Ndipo Neema akatoka chumbani. Hakuitwa, na unajua binti anayeposwa hatoki kabla ya kuitwa. Baba yake akamwambia, "We Neema, rudi ndani." Hakurudi. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, mbona unataja Kwaresma na mazishi tu, Majilio umeyaacha? Kila Desemba tukipiga pasi zile nguo huwa unaniambiaje?"

"Nakuambiaje?"

"Kwamba ni rangi ya kungoja. Ambakisye alikuwa Rujewa miaka miwili kwenye mashine za mpunga, watu mkaniambia harudi. Nimengoja. Wenzangu wavae nyekundu zao, mimi hii ni yangu."

Baba yake akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, huyu umemfundisha mwenyewe."

Mama yake akavuta kile kiboksi tena, akaenda nacho dirishani. Akaligeuzageuza jiwe. "Kwenye mwanga si mbaya," akasema. Kisha akaniangalia. "Kaa, mwanangu, ule. Vitabu vimekumaliza." Ila ametoa sharti: pete ya ndoa iwe dhahabu tupu, isiwe na jiwe wala kitabu.

Tulipokuwa tunaosha vikombe, Neema aliniambia nikuambie usiguse jiwe lake. Ukija na jekundu, umtafute huyo aliyekuagiza jekundu. Ananiita wifi sasa! Jana bwenini nilikula sahani nzima ya wali na maharage. Tangu Alhamisi chakula kilikuwa hakipiti kwa wasiwasi wa posa hii.

Nisalimie Mama, na Bibi umwambie sweta alilonifumia linanitosha. Mdogo wetu Gwakisa asiguse daftari zangu.

Jambo moja limebaki. Nilitaka kukushauri shati la kuvaa siku ya kumvisha pete, nikakumbuka kuuliza kwanza. Wifi amesema uvae rangi yoyote, ila usichelewe tena.

Mdogo wako anayepumua vizuri leo,
Atupele