Kware Waliogeuka

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu toka hapa Kibakwe. Mgongo unauma, mengine salama. Shangazi yako kashavuna alizeti.

Umeuliza kwa nini kile kitambaa cha batiki chenye kware sikishoni shati. Nilikichapa mwenyewe, nikiwa kibarua kwa mama mmoja wa batiki. Asubuhi ile bibi yako, mjamzito, aliniambia, "Leo usiende." Nikamjibu, "Kwani we ndo bosi?" Nikaenda.

Kware wa fremu ile ya kuchapia siku zote walitazama mlangoni. Siku hiyo nikavuta rangi, nikainua fremu, wote wanatazama upande wa nyumbani kwetu. Nikageuza fremu, nikachapa tena. Bado kwetu. Yule mama wa batiki akauliza, "Umelewa?" Nikatupa kila kitu ila kitambaa, nikakimbia. Nilimkuta bibi yako kaanguka uani, mama yako ndo anazaliwa. Wote wakapona.

Sijui ni nini kile. Tangu bibi yako afariki kitambaa kilikaa sandukuni. Jana nimekitandika kitandani. Kware wanatazama Chimwaga, uliko. Nimekigeuza mara tatu. Bado huko huko.

Barua hii siipeleki posta. Naileta mwenyewe.

Babu yako