Nukta Chini ya Kiti

Shieywe,
Kakamega.
Jumamosi, 14 Juni 1997.

Asubuhi ya leo ukungu ulishuka mpaka kwenye mahindi. Jua limetoka saa tatu na nusu.

Mpendwa ndugu yangu Osundwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Mideva, na kwamba joto la Mombasa halijamsumbua sana mtoto. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mguu wa Mama umepungua uvimbe tangu Mei, na sasa anafika kanisani bila kushikwa mkono. Mahindi yametoa mbelewele. Ng'ombe alizaa wiki jana, ndume tena.

Baiskeli uliyotuma ilifika kwa basi Jumanne, tarehe 10, katoni haina hata tundu. Asante. Nimeitaja asante mapema kwa sababu Mama aliniagiza nisiisahau. Yanayofuata ni yangu.

Ulisikia kwa Shangazi Ayuma kwamba siku hizi Baba anaenda dukani kwa miguu. Ni kweli. Ile nyeusi yake aliiuza mwezi wa Machi, kwa kuwa mteja alikuja na dukani hapakuwa na nyingine ya kumpa. Lakini Osundwa, wewe uliyekulia kwenye sakafu ya duka lile ukichezea mipira ya breki, kweli ulimtumia muuza baiskeli baiskeli ya katoni? Tena nyekundu, aina ile ile inayopangwa mlangoni mwa lile duka kubwa lililofunguliwa karibu na soko mwaka jana?

Najua hukukusudia. Ndiyo maana nakueleza, ili ujue ulichotuma.

Unaikumbuka desturi ya Baba. Baiskeli ikitoka kwake, mwenyewe huirudisha baada ya mwezi mmoja, wakati spoki zimelegea na cheni imerefuka. Baba huikaza bure, kisha huigonga nukta moja kwenye bomba la chini ya kiti kwa nyundo na msumari. Hata leo mtu wa boda boda akitaka kununua baiskeli iliyotumika ya kubebea abiria hupapasa pale kwanza. Na Baba hakazi kama mwenyewe hayupo, kwa sababu anataka mpandaji amwambie inalia wapi na akiwa anapanda kilima gani.

Wale wa duka kubwa waliijua desturi hiyo. Nimeangalia shajara yangu: ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Februari, alipokuja mwalimu mmoja wa Lurambi, Bi. Jepkorir, akisukuma nyekundu mpya. Pedeli ya kushoto ilikuwa imelazimishwa upande wa kulia mpaka meno yakaliwa.

“Mzee, nimekuja kukaziwa,” akasema.

“Mwalimu, hii hukununua kwangu.”

“Najua. Nimenunua pale sokoni. Lakini yule aliyeniuzia ameniambia, ‘Ikilegea mpelekee Mzee Khisa, yeye hukazanga bure.’”

Nikamwambia basi arudi akakaziwe na huyo huyo aliyemwuzia.

“Dada, mbona hasira? Si ni kukaza tu?”

Baba akaniambia nimpe spana namba kumi na tano. Sikutaka, lakini nilimpa.

Kuanzia siku hiyo walikuja kama waliopigiwa kengele. Kufikia Pasaka nilikuwa nimeandika nyekundu arobaini na moja kwenye shajara. Zetu katika muda huo zilikuwa mbili. Fikiria, Osundwa: mtu anatupita mlangoni anaenda kununua kule, na kinachompa moyo wa kununua kule ni kazi ya mikono ya baba yako. Wanauza baiskeli yao na juu yake wanamwuza Baba bure.

Tuligombana naye kwa jambo hili. Nilimwambia awafukuze, au angalau asiwagongee nukta. Akaniuliza, “Sasa nimwache mwalimu wa watu aanguke kwenye mteremko na vitabu vyake, ndio ajue hakununua kwangu?” Hilo ni kweli, lakini hasira haikunitoka.

Mwezi wa Mei meneja wao alikuja mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye adabu ya karatasi. Alimtaka Baba akafanye kazi kwao, chumba cha nyuma, kufungua katoni na kuunganisha. Wangempa koti la buluu lenye jina la duka mgongoni. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: je, baiskeli hizo zitarudi baada ya mwezi?

Yule kijana akacheka. “Mzee, ikitoka mlangoni imetoka.”

“Basi mimi sitawafaa,” Baba akasema, akarudi kwenye rimu yake. Nilijivunia siku ile. Kesho yake hakuna mteja hata mmoja aliyeingia, wala kesho kutwa, na fahari yangu ikaisha.

Hayo ndiyo yaliyokuwa hapa katoni yako ilipofika. Nilimsihi Baba tuifungulie nyumbani. Akakataa, akasema zawadi ya mtoto haifichwi. Akaifungulia barazani, mbele ya watu wa boda boda wote wanaongoja abiria pale. Unamjua Sifuna na mdomo wake.

“Mzee Khisa! Hata mtoto wako amehama chama! Umebaki na nani sasa?”

Wakaangua kicheko. Baba naye akacheka pamoja nao, akasema amebaki na spana. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio. Ndugu yangu, sijawahi kumwona Baba akicheka akiwa ameinamisha uso namna ile, na nisingependa kumwona tena.

Wewe ulitaka apumzike kutembea. Wao waliona mwana wa mwenye duka amenunua kule kule wanakonunua wao, na kwamba kumbe hawakuwa na sababu yoyote ya kuona haya.

Aliishughulikia siku mbili. Alizitoa spoki zote na kuzifunga upya moja moja, akizipiga kwa kucha na kusikiliza, kama alivyotufundisha. Vyuma vya keria alivitupa akaweka vya zamani vilivyo vizito. Sijaona baiskeli iliyotengenezwa vizuri kama hiyo tangu nizaliwe, na bado hajaipanda. Alhamisi, tarehe 12, aliifuta kwa kitambaa, akaniambia, “Beldina, leta daftari.”

Ni lile daftari letu la kukaza: namba, mwenye baiskeli, siku iliyotoka, siku ya kurudi. Nikamwambia hii hatukuiuza sisi. Akasema andika. Nikaandika namba 1,206, na kwenye safu ya mwenye baiskeli nikaanza kuandika jina lake. Akanishika mkono.

“Mimi sikununua chochote. Andika Osundwa.”

Ukichungulia daftari utaona kuwa nyingine zote zilizo juu ya hiyo zimeshakazwa na kutiwa alama, na chini yake hapana kitu. Ameshamwambia mwenye nyumba tuliyopanga duka kwamba atafunga na kumrudishia ufunguo siku namba 1,206 itakapokazwa. Siku ya kurudi ni Jumamosi, 12 Julai. Mama hajui hilo la ufunguo. Nilijua juzi, na nimekaa nalo siku mbili kabla ya kushika kalamu.

Sasa unaona jambo lilivyo. Baba hakazi kama mwenyewe hayupo. Usije ukamtuma mtu, wala usiandike barua ya kuomba radhi, ataisoma na kuiweka kwenye droo pamoja na risiti. Njoo mwenyewe. Omba ruhusa kazini mapema. Uipande mpaka Lurambi na kurudi, mchana, watu wa boda boda wakikuona, kisha ukae kwenye benchi umwambie inalia wapi. Hata kama hailii, tafuta mahali useme inalia.

Usipokuja, namba hiyo itabaki wazi, naye atakuwa anafungua duka tupu kila asubuhi akikungoja. Namfahamu.

Mama anakusalimu na anauliza kama mtoto ameota meno. Shangazi Ayuma anakusalimu kutoka Kabras. Miwa yao bado imesimama shambani ikingoja trekta la kiwanda. Msalimie sana Mideva, mwambie ule mkeka niliomwahidi umekwisha, tutaufunga uende nawe utakaporudi. Mungu aliyekufikisha huko salama akulete kwa njia ile ile.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Beldina Khisa.

Baada ya kusaini nimekwenda kuangalia baiskeli. Baba ameiegemeza ukutani, kiti amekifunika gunia ili kisishike vumbi. Nimepapasa pale chini ya kiti. Ni laini bado. Sasa ni saa tano kasorobo usiku, ninalala.