Video ya Msiba wa Mama

Mnyuzi, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Joyceline,

Habari za Handeni? Watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi uzima wangu ni wa mdomoni tu. Simu zangu hupokei, na hili siwezi kulimeza, kwa hiyo nimeandika. Barua nampa mjomba Ponsiano anayekuja huko kuuza machungwa.

Jana tumeitazama video ya msiba wa Mama kwa jirani yangu Rhoda. Sebule ilijaa mpaka watu wakakaa chini. Umelia kanisani, umelia makaburini, umezimia, ukazinduka, ukazimia tena upande ule ule wa kamera. Chini yakapita maandishi: Joyceline, binti wa marehemu. Nikangoja yangu yapite. Video ikaisha. Mimi niliyemwogesha Mama na kumgeuza kitandani muda wote wa ugonjwa wake nimeonekana mgongo tu, nimeinamia sufuria ya wali, na mgeni mmoja wa Rhoda akauliza yule mpishi tulimkodi wapi.

Niambie ulimwambia nini huyo mpiga video wako.

Dada yako,
Hilaria

Handeni, 11 Machi 2024

Dada Hilaria,

Shikamoo. Pole na kazi. Huku hatujambo, watoto wanakusalimu, mdogo tu ndiye ana mafua.

Dada, sikumwambia Nicolaus neno lolote. Alikuja na kamera yake, akapiga alichokiona. Wewe ulikuwa jikoni kwa kutaka mwenyewe. Nilipokuja kushika mwiko ulininyang'anya mbele ya wamama wa jumuiya, ukasema sijui kupima maji ya wali. Sasa unalalamika huonekani. Na kuzimia si jambo ambalo mtu anapanga.

Ili yaishe, nimeongea na Nicolaus. Jumamosi atakuja huko akupige ukiwa kaburini, halafu aunganishe na ile ya mwanzo. Vaa vizuri, basi.

Mdogo wako,
Joyceline

Mnyuzi, 18 Machi 2024

Joyceline,

Hamjambo huko? Mafua ya mtoto yamepoa? Mimi nipo.

Nicolaus wako alikuja. Nilivaa gauni la zambarau, nikafunga kilemba. Akanisimamisha karibu na msalaba, akarudi nyuma, akasema, "Haya mama, anza kulia."

Sikuweza. Akanishauri nimfikirie marehemu. Nikamfikiria, nikamkumbuka alivyokuwa anaficha vidonge chini ya ulimi halafu ananitemea, nikacheka. Akazima kamera. Tukaanza upya, ikawa vile vile. Watu waliokuwa wanapalilia shamba la pili wakaacha majembe wakaja kutazama, na mmoja akawa ananielekeza jinsi ya kushika kichwa. Mwisho Nicolaus akaniuliza kwa adabu kabisa kama nyumbani kuna kitunguu. Nikamfukuza yeye na kamera yake mpaka barabarani.

Sijatoa chozi tangu tumzike Mama, Joyceline. Natandika kitanda chake, napita uani kilipokuwa kiti chake, macho makavu. Watu wananiangalia kama sikuwa mtoto wake. Wewe umelia mbele ya watu wote, wakakubeba wakakupepea. Hata kwenye kulia umeniwahi.

Dada yako,
Hilaria

Handeni, 29 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Naamini u mzima na mvua hizi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza naishia kukutukana, nachana.

Unasema nimekuwahi. Nimekuwahi nini? Kila nilipotoka huku nikaja kukaa kitandani kwa Mama, alinishika mkono akaniita Hilaria. Nilimwambia, "Mama, mimi ni Joyceline."

Akanijibu, "Joyceline yule haji kuniona, Hilaria. Nina wewe tu."

Nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji, dada. Wewe ulikuwa nje unaanika shuka zake. Baadaye nikaacha kubisha, nikawa naitika tu. Mara ya mwisho alinishika kichwa akaniombea, akataja jina lako mwanzo mpaka mwisho, nikasema amina. Kanisani padri aliposoma majina ya watoto wa marehemu na kufika langu, ndipo nilipoanguka. Unataka video, chukua yote. Mimi ningetoa kanisa na makaburi na kila kilichopigwa humo ili aniite jina langu mara moja.

Mdogo wako,
Joyceline

Mnyuzi, 6 Mei 2024

Mdogo wangu Joyceline,

Hujambo, mama? Watoto? Mimi sijambo.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda kufua. Nikarudi nikaisoma tena na povu mikononi, hasira zimenijaa. Kwa nini hukunifuata pale uani ukaniambia?

Unadhani lile jina lilikuwa langu. Mama aliwaita watu wote Hilaria. Muuguzi alikuwa Hilaria, padri alikuwa Hilaria, mjomba Ponsiano na ndevu zake zote alikuwa Hilaria. Mimi peke yangu hakuniita hivyo. Mimi aliniita Stefania, yule dada yake aliyekufa wakiwa bado wasichana.

Siku moja namsugua mgongo akageuka akaniuliza, "Stefania, wanangu wako wapi? Wote wawili siwaoni."

Nikamwambia wako njiani.

Akasema, "Basi wabakizie chakula."

Nikaendelea kusugua. Ningefanya nini? Sikumwambia mtu yeyote, na wewe ningekuambiaje, wakati niliona unashikwa mkono unaitwa jina ambalo mimi nililisubiri kutwa nzima?

Bado nina hasira na wewe, usidhani yameisha. Lakini kukasirika kwa barua kunanichosha, nikimaliza kuandika sina wa kumnunia. Kaburi limetitia kwa mvua hizi na mawe siwezi kuyasomba peke yangu. Njoo Jumapili, peke yako, bila mtu wa kamera. Njoo nikukasirikie ukiwa umekaa mbele yangu unakula.

Dada yako,
Hilaria