Kisima cha Baba Zawadi

Jumatatu, 6 Oktoba 2008

Zawadi kapewa bomba! Bomba zima la gesi, kuanzia huku kwetu mpaka linapoingia Mtwara mjini, msimamizi wa njia yake ni yeye. Mwanangu mimi!

Haya, bismillahi sasa. Nimeanza kuandika bila hata kumtaja Mungu. Anisamehe, ni furaha.

Kaja jana jioni na pikipiki ya kampuni kutoka Shangani, huko Mtwara mjini alikopanga. Buti. Kofia ngumu. Kizibao cha njano, ukikimulika kinang'aa kama macho ya paka. Nikamvua kofia nikaivaa mimi, nikaenda nayo mpaka kwa Mwanaidi, mke wa Hemedi, kuomba chumvi. Chumvi ninayo. Mwanaidi akaniuliza kama nimeajiriwa. Nikamwambia aliyeajiriwa ni damu yangu, ni mamoja.

Kazi yenyewe ni kuhakikisha mtu hachimbi karibu na bomba bila yeye kujua. Bomba limefukiwa, halionekani. Kinachoonekana ni nguzo za njano, moja hapa, nyingine kule mbali.

Jambo la pili — kisima. Jumapili ya tarehe 26 marehemu Baba Zawadi anatimiza mwaka. Tutasoma hitima, na nataka siku hiyo watu wanywe maji ya kisima chake, iwe sadaka yake. Alikuwa akinichotea maji kwa baiskeli, madumu yanagongana njia nzima, wanaume wenzake wakimcheka kwamba kaolewa. Naye akiwajibu, ndiyo, na nimeolewa pazuri. Kisima aliniahidi. Hata mahali alishaonyesha, nyuma ya mikorosho, akaweka jiwe. Bomba lilikuwa bado halijaja. Jiwe lilisukumwa na zile mashine zao, lakini mahali tunapajua.

Hemedi, mdogo wake marehemu, ndiye atakayechimba. Keshokutwa anakwenda Mahurunga kumleta Sebastiao, yule fundi wa visima ambaye wazee wake walivuka Ruvuma wakati wa vita. Hemedi akaniuliza, shemeji, na lile bomba? Tukatazama nguzo ya kushoto na ya kulia, tukavuta mstari kwa macho. Kisima kiko mbali na mstari. Na ruhusa je? Nikamwambia ruhusa nimeinyonyesha mwenyewe.


Jumatano, 8 Oktoba 2008

Mkutano wa kijiji. Zawadi kasimama mbele ya wanaume! Mimi nilikaa mkeka wa kwanza. Niliyemkuta amekaa nilimsogelea kidogo kidogo mpaka akahama.

Kaeleza vizuri, bila kujidai. Anayetaka kuchimba karibu na njia ya bomba, iwe choo, iwe shimo la nguzo, amwite kwanza. Atakuja na chombo chake cha kupima aonyeshe bomba lilipo hasa, maana macho yanadanganya. Pakiruhusiwa kuchimbwa, ni kwa jembe na koleo, polepole, yeye akiwa amesimama hapo. Mtaimbo hapana kabisa.

Bibi mmoja akauliza, na panya nao wanaomba ruhusa? Watu wakacheka. Zawadi naye akacheka, akasema panya hana mtaimbo, bibi.

Halafu akatoa utepe mpana wa plastiki, wa njano, una maandishi ya Kiingereza. Kasema umelazwa ardhini juu ya bomba, safari nzima. Ukichimba ukaukuta usiuvute, usiukate. Weka jembe chini, toka, nipigie. Ukatembezwa mkono kwa mkono. Ulipofika kwangu nilikaa nao kidogo.

Hemedi hakuwepo, alikwenda Mahurunga.

Nilitaka kumwambia Zawadi habari ya kisima palepale, lakini kila mtu alikuwa anamvuta. Mara mwenyekiti, mara walimu. Nikasema atakuja Jumapili, tutachemsha ming'oko ya porini tule, tutaongea. Mtoto wangu mwenyewe, haraka ya nini?


Ijumaa, 10 Oktoba 2008

Wameanza! Nilidhani watangoja wiki ijayo. Lakini Sebastiao ana kazi nyingine inamsubiri, na Hemedi akishaamka na jambo hulali naye nyumba moja.

Na udongo — mlaini! Jembe linazama kama kwenye ugali. Huku kwetu ardhi ya kiangazi inavunja mipini, hii inajitoa yenyewe. Hemedi akasimamisha jembe, akasoma Fatiha. Kasema, shemeji, kaka anatufungulia njia. Nililia pale pale. Hata Sebastiao, ambaye ni Mkristo, alivua kofia.

Wamefika kiunoni kabla ya sala ya Ijumaa. Kwenye udongo uliotoka chini nikaokota kifuniko cha soda. Nikajiuliza soda ya nani imezama huko. Nikakitupa.

Kila aliyepita nilimwita aje aguse udongo wa Baba Zawadi.


Jumamosi, 11 Oktoba 2008

Haya, nitaandika yote.

Asubuhi nimekwenda kwa Mwanaidi kuazima sufuria kubwa. Mbuzi wao kafungwa kwenye mpapai. Kamba yake — njano! Pana, ya plastiki. Nikaivuta. Kiingereza sijui, lakini G na A na S nazijua, ni herufi za darasa la kwanza. Nikamuuliza Mwanaidi wameitoa wapi. Kasema Hemedi kaikuta shimoni jana jioni, kakata kipande, plastiki nzuri, haiozi.

Nilikimbia. Mwili huu, na magoti haya, nilikimbia nikaacha kiatu kimoja njiani.

Nimemkuta Hemedi yuko ndani ya shimo, mabega tu yanaonekana. Alikuwa amefika kwenye mchanga mweupe, laini, kama uliochekechwa. Sebastiao anamteremshia mtaimbo apime kilichoko chini. Nikaukamata ule mtaimbo kwa mikono miwili. Sebastiao anavuta, na mimi navuta. Nikasema, toka humo shemeji, unasimama juu ya bomba. Hemedi akacheka. Kasema bomba liko kule kwenye nguzo zao.

Nikampigia Zawadi kwa simu aliyoninunulia yeye. Alikuwa njiani huku huku kwenye doria, pikipiki ilifika kabla sijamaliza kuhema.

Hakupiga kelele. Akaturudisha nyuma sote, kule upepo unakotoka. Sebastiao alikuwa na sigara sikioni, akamwambia aiache hapohapo ilipo. Hemedi akabaki shimoni, kakunja mikono. Zawadi akamwendea peke yake na kile chombo chake cha kupima, akachuchumaa ukingoni.

"Shikamoo, baba mdogo. Nipe mkono upande."

"Unanitoa kwenye kisima cha baba yako?"

"Nakutoa juu ya bomba. Baba yangu alishakwenda, wewe nimebaki nawe."

Akapanda. Lakini mkono wake hakuushika, alipanda kwa magoti na viwiko, mtu mzima yule.

Ndipo Zawadi akatueleza. Pale bomba linapinda kukwepa bonde, nguzo hazisemi hivyo. Na udongo ni mlaini kwa sababu ulishachimbwa wakati wanalaza bomba, ukarudishwa. Nikakikumbuka kile kifuniko cha soda. Soda ya kibarua wa bomba. Hemedi alisikia yote, yeye aliyeisoma Fatiha mbele ya watu akidhani kaka yake anatufungulia njia. Uso wake sikuutazama.

Nikamvuta mwanangu pembeni. Nikamwambia shimo tulifukie wenyewe, utepe tuurudishe, isiandikwe popote. Baba yako mdogo ndiye mwenye hitima yetu, bila yeye nani atafungua kisima? Akanishika bega.

"Mama, nikikuachia wewe, kesho nitamzuia nani?"

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja.

Hemedi akaondoka. Kasema mbele ya wote kwamba Jumapili ya hitima tusimhesabu. Kwamba kaaibishwa kwenye sadaka ya ndugu yake na binti ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Ni kweli, alimfundisha yeye.


Jumanne, 14 Oktoba 2008

Jana walikuja watu wa kampuni. Wamefunua kwa mikono, polepole kama mtu anayefukua yai la kasa. Bomba halikuguswa. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kasema mkubwa wao, ule mtaimbo ungeshuka mara moja tu mahali pabaya, tungekuwa tunasomewa hitima sisi.

Zawadi kaandika yaliyotokea kama yalivyotokea. Kaandika pia kwamba Hemedi hakuwepo mkutanoni, na kwamba yeye msimamizi alipaswa kupita nyumba kwa nyumba. Kajipa sehemu ya lawama! Nikamuuliza kwa nini. Kasema ni kweli ndiyo maana. Hemedi kaonywa, basi, hakupelekwa popote.

Kijijini wanasema kamshtaki baba yake mdogo. Leo kwenye kisima cha mbali kule tunakochota, mama mmoja kaniuliza kama mwanangu atanishtaki na mimi nikichimba muhogo. Nikamwambia ukichimba juu ya bomba omba awe yeye, si mwingine, maana yeye atakuja na shikamoo.

Lakini nikabeba ndoo yangu huku nimekasirika na sijui nani.


Ijumaa, 17 Oktoba 2008

Zawadi kaja siku yake ya mapumziko, kavaa kanga tu. Kapima uwanja mzima na fundi mwenzake. Mahali panaporuhusiwa ni pamoja tu. Jikoni kwangu. Jiko langu la makuti alilonijengea Baba Zawadi, na mafiga yangu, na moshi wangu wote!

Alinitazama. Alikuwa anaogopa kuniambia, niliona. Anaweza kumtoa mwanamume shimoni lakini jiko la mama yake linamtetemesha.

Nikamwambia bomoa, mwanangu, nitapika uwanjani. Kikitoka kisima hapo nitakuwa mwanamke pekee kijijini mwenye maji jikoni, kama wazungu wa Shangani.

Akacheka mpaka akalia. Au alilia mpaka akacheka. Nikamvua buti zake — hapana, buti hakuvaa leo. Nilimwosha miguu. Buti zimemtoa malengelenge vidoleni. Nikampaka mafuta ya nazi, kama zamani. Kalala na mguu mmoja mapajani kwangu, msimamizi wa bomba.


Jumapili, 19 Oktoba 2008

Sebastiao anachimba peke yake, ile kazi yake nyingine kaiahirisha. Ardhi ya jikoni ngumu kama Hemedi. Mpini mmoja umevunjika. Hakuna wa kumpokea, vijana wote wako kwenye korosho, na wengine wanasema hawaingilii ugomvi wa ukoo.

Nimepita mlangoni kwa Hemedi kwa makusudi. Alikuwa barazani. Nikamsalimia, akaitika vizuri, akaniuliza hali ya magoti. Halafu akatazama kuku.


Jumatano, 22 Oktoba 2008

Bado kukavu. Mchele umeshapepetwa. Nimetuma watu kwa ndugu wa Naliendele. Wote wanakuja.

Wanauliza nani anasoma dua ya kisima. Nawaambia Hemedi. Sijasema uongo, nimesema ninachokitaka.


Ijumaa, 24 Oktoba 2008

Unyevu! Sebastiao kanipandishia ndoo ya udongo wa chini, nikauminya, mkono ukabaki na baridi. Kasema maji yapo chini ya tabaka moja la mawe, lakini mawe hayo jembe haliyawezi, yanataka mtaimbo na mikono miwili zaidi. Yake imekwisha, viganja vimechubuka vibaya.

Nilikuwa bado nimeshika ule udongo Mwanaidi alipokuja. Kaleta sufuria niliyotaka kuiazima siku ile. Ndani ya sufuria kuna kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Nikafungua. Kile kipande cha utepe! Kimeoshwa, kimekunjwa vizuri kama kilemba cha ndani ya sanduku. Hata harufu ya mbuzi hakina.

Kasema Hemedi kaagiza apewe Zawadi, ni mali ya bomba. Mbuzi kanunuliwa kamba ya katani.

Nikamwambia akae, nikamtilia uji. Akawa anazunguka zunguka kikombe. Mwishowe akasema Hemedi kauliza, kama kwa bahati tu, wakati anavua viatu, huko jikoni udongo ukoje.

Nikamwambia, mwambie ni mgumu, haujawahi kuguswa na mtu tangu dunia iumbwe. Na mwambie nimemuuliza Zawadi, hapa mtaimbo unaruhusiwa.

Mwanaidi akanywa uji wote, akaondoka bila kuaga vizuri, anatembea haraka.

Zawadi anakuja kesho jioni na buti zake. Ndugu wa Naliendele wanafika kesho usiku. Sebastiao kasema atabaki. Ubwabwa upo, mkeka wa mwenye dua nimeuanika, uko juani peke yake. Wote wanakuja Jumapili.