Vitambaa vya Safari

Poltava, 3 Septemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi tuko salama, ila Mama halali kila akisikia mji wenu umepigwa. Utakuja lini?

Leo darasani tulijadili bajeti ya utamaduni wakati wa vita. Ostap akasema, “Pesa zote zinunue droni! Kitambaa cha makumbusho kilishadungua ndege gani?” Wote wakacheka. Nilisimama nimjibu, uso ukawaka moto, nikakaa.

Mjukuu wako,
Orysia


9 Septemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, mwenyewe silalamiki. Barua nampa Tymish, dereva wa basi la wanaohamishwa, maana simu hazishiki.

Siwezi kuacha vitambaa vya harusi vya makumbusho ninayoyatunza. Mali ya dola haitoki bila kibali, na kibali kimefika. Kinataka lori lenye walinzi. Lori halijalipiwa: hazina hulipa silaha kwanza, sisi mkiani. Siwalaumu, mjomba wako yuko handakini. Lakini nikivibeba mkobani mwangu, nimeiba. Niwe mwizi uzeeni?

Na wewe, ukisimama, usikae.

Bibi yako


12 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Sina muda wa salamu ndefu, Tymish anapiga honi.

Nimeisoma sheria yote. Inafunga vilivyosajiliwa kuwa mali ya dola tu. Si uliniambia vingi mliviazima kwa akina mama wa mjini? Cha kuazima hurudi kwa mwenyewe siku yoyote. Warudishie! Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu haanzi safari bila kitambaa chake. Ukimaliza, panda basi.

Mjukuu wako,
Orysia


17 Septemba

Mwanasheria wangu wa maziwa mdomoni,

Marahaba! Nimewagawia pale pale kwenye basi. Wamefungia mikate, wanalia na kucheka. Mama Motria, atakayeondoka Ijumaa, kanifokea: “Miaka yote mmekaa na kitambaa changu, hata kukipiga pasi!”

Vya dola vimebaki. Nimevishusha stoo ya chini, nangoja lori. Basi la mwisho ni Ijumaa. Usinikasirikie.

Bibi yako


24 Septemba

Bibi,

Shikamoo, popote ulipo.

Ijumaa nilisimama kituoni mpaka basi likawa tupu. Mama Motria alishuka wa mwisho, akanipa kitambaa chekundu chenye ndege wawili. Nikakijua: ulisimama juu yake siku ya harusi yako, ukaja kukiazimisha makumbusho. Nikamuuliza, “Na yeye amebaki na kipi?” Akanifumbatisha kitambaa, akashika mzigo wake.

Nimeelewa, Bibi. Asiye na safari hatunzi kitambaa cha safari.

Jana Ostap alirudia maneno yake. Nilisimama. Nikasema bibi yangu hajawahi kuomba pesa ya droni, anaomba lori moja. Hakuna aliyecheka. Sikukaa mpaka nikamaliza.

Tymish anasema barabara imefungwa, lakini barua hii ataibeba mfukoni hadi njia ifunguliwe. Kitambaa chako hatujakitandika mezani. Nimekikunja, kiko kwenye kiti karibu na mlango. Umeniazimisha tu. Cha kuazima hurudi kwa mwenyewe. Njoo ukichukue.

Mjukuu wako,
Orysia