Nimekataa Kukiri Kifo cha Job

Migori,
14 Oktoba 2024

Kaka yangu mpendwa Angwenyi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi Gesare na wote walio hapo nyumbani Oyugis. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba binti yangu Terry anaamka kwenda shule bila kuwasumbua. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha Agosti kimeniacha. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mama, kwa sababu barua zetu husomwa ofisini kabla ya kutoka rumande, na hii nataka kila atakayeisoma aielewe vizuri.

Najua umenikasirikia. Nimesikia wifi alikuwa amenitandikia kitanda, nawe ukatangaza kanisani kwamba nitakuwa nanyi Sabato. Sabato ikafika, mimi sikufika, na wakili akakwambia tu kwamba nimekuwa mkaidi. Basi nisikize mimi mwenyewe.

Miaka minne imepita tangu wanichukue kutoka kibanda changu cha chakula pale Masara. Job, mchimba dhahabu aliyekuwa akila kwangu kila siku, alikutwa amekufa nyuma ya mashine ya kusagia mawe, saa chache baada ya kula maharagwe yangu. Asubuhi hiyo tulikuwa tumegombana. Alitia dawa ya sumu ya kuoshea dhahabu ndani ya kikombe changu, kikombe ambacho wateja hunywea chai, nami nikamwambia mbele ya watu, "Utakufa wewe na hiyo dawa yako." Mashahidi walienda polisi na neno moja tu, utakufa. Hayo mengine yalibaki Masara. Dhamana nikanyimwa, eti nitawatisha mashahidi.

Jaji wa kwanza alisikiza watu wawili, akahamishwa. Wa pili alisema kesi ianze upya, naye akahamishwa kabla haijaanza. Kisha kwa miezi kumi na moja hakukuwa na jaji kabisa. Tulipelekwa, tukapewa tarehe, tukarudishwa. Sasa yuko mmoja anayetoka kaunti nyingine siku mbili kwa mwezi, na faili zinazomngoja zimepangwa sakafuni kwa sababu meza imejaa. Siku moja karani aliniuliza mimi kesi yangu ilifikia wapi. Mzee Nyakundi, aliyeniona nikimwaga kile kikombe na kukisugua kwa majivu, alifariki mwaka jana akiwa bado anangoja kuitwa.

Ndipo watu wa mashtaka wakaja na yale makubaliano. Nikubali kwamba nilimuua Job bila kukusudia, na miaka niliyokaa humu ihesabiwe kuwa ndiyo kifungo, nitoke siku hiyo hiyo. Ulipokuja kunitembelea uliniambia niseme tu ndiyo nije kulea mtoto wangu, kwa maana Mungu anajua ukweli. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Hapo nilikukosea, nisamehe. Mungu anajua, kaka, lakini Terry angeishi na kile ambacho kingeandikwa kwenye faili.

Jumatano tulifika mahakamani saa mbili, jaji akiwa bado njiani. Nilikaa benchi la mbele na askari, na nyuma yangu akakaa Mama Phelesia, mama yake Job. Huyu mama hajakosa hata tarehe moja. Miaka ya kwanza hakutaka kunitazama. Siku hiyo aliinama akaniuliza polepole kama ni kweli mambo yanaisha leo. Nikamjibu kwamba ndivyo wanavyotaka.

"Nyathina," akasema, mtoto wangu, "mimi sikuja hapa miaka yote hii ili niambiwe imeisha. Nilikuja niambiwe Job alikufaje. Kama ni wewe, sema ni wewe. Kama si wewe, usinipe uongo niende nao kaburini."

Jaji alipoingia nikasimamishwa. Akaniuliza kama nimeyaelewa makubaliano na kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikamwambia nimeelewa kila neno, na ndiyo maana siyakubali. Wakili akanivuta mkono wa nguo. Sikugeuka.

"Mheshimiwa," nikasema, "nilipika maharagwe. Watu kumi na wawili walikula sufuria hiyo hiyo. Siwezi kukiri kifo nisichokisababisha kwa sababu tu hakuna jaji wa kunisikiza. Kama majaji hawatoshi, waletwe. Mimi nipo, siendi popote."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema kesi isikizwe kuanzia tarehe kumi na nane Februari, siku tatu mfululizo. Akasema pia kwamba hawezi kuahidi kuwa ni yeye atakayeketi pale.

Sasa, kaka, kuna jambo ambalo sikuwaambia polisi, wala wakili, wala wewe. Mchana ule Job alirudi kibandani. Alikuwa ameshika tumbo, jasho linamtiririka, akaniomba maji. Mimi bado nilikuwa na hasira ya kikombe. Nikamwambia aende akaugulie mbele, asinifukuzie wateja. Akasema, "Sawa, mathe," yaani mama, akaondoka. Hakufika mbali.

Wakili akilijua hili ataniambia nilimeze, kwa kuwa litanifanya nionekane mbaya. Ni kweli, litanifanya. Lakini hilo ndilo kosa langu, na lile walilonishtaki nalo si langu. Ningekubali la uongo ili nitoke, hili la kweli lingekosa mahali pa kusemewa. Nitalisema kizimbani, nimeshika Biblia, mbele ya jaji yeyote watakayemleta, hata akiwa wa tano.

Mama Phelesia nimeshamwambia. Tulikuwa tunashuka ngazi za mahakama, askari akinihimiza, nikasema yote kwa haraka, maji na yale maneno niliyomjibu mwanawe. Alikaa pale kwenye ngazi. Nilipokuwa napandishwa kwenye gari la magereza nikamwona ameinuka, amemfuata karani, anamwuliza tena ile tarehe ya Februari, na anaiandika kwenye kiganja cha mkono.

Mwambie Terry kwamba mama yake hakusahaulika huku. Alikataa kutoka kwa mlango ule wa uongo. Akiuliza mlango gani, msomee barua hii yote, hata pale pa maji. Msalimie wifi na wazee wa kanisa, na uwaombe radhi kwa niaba yangu kwa ile Sabato. Februari njoo, kaka. Uje mapema, ukae benchi moja na Mama Phelesia, maana huwa anakaa peke yake.

Ni mimi dada yako, mwenye afya na mwenye msimamo,
Nyatichi