Kisogo Nisichoweza Kukiona

Tata,

Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, kwa sababu ilianza kwa heshima nyingi na mimi leo nina hasira. Nisamehe. Tulikuzika, mimi na Mama mdogo wako, mvua ikianza. Sasa mahindi yamefika kifuani, na tangu mikono yako hakuna mtu aliyezishika nywele zangu akajua la kufanya.

Hiyo ndiyo hasira yenyewe. Ulinifunga nywele kwa uzi mweusi kila Jumapili tukitoka kanisani, tangu sijaanza shule mpaka nikamaliza kidato cha nne, na hukunifundisha. Nilikaa chini kati ya magoti yako, uso ukielekea zizi. Nikijaribu kugeuka nione vidole vyako vinafanya nini, unanigonga kwa chanuo. "Tazama mbele. Ukigeuka, mstari unageuka." Basi nikatazama ng'ombe miaka yote hiyo. Ninajua kila doa la ule ubavu wake. Kuanza fundo moja la uzi sijui.

Ungenionyesha hata siku moja. Hata ulipoanza kukohoa na kupumzika katikati ya kichwa changu, ulisema tu ngoja kidogo, kisha ukaendelea. Nami sikuuliza. Wewe unajua jinsi ninavyoshindwa kuuliza.

Mafuta yako ya mbarika yaliisha wiki chache baada ya mazishi. Nikachukua mafuta ya kupikia, nikajipaka mengi usiku, nikalala. Asubuhi unajua baridi yetu ya Tetu. Yaliganda. Niliamka na kichwa cheupe kama cha ajuza, na Mama akaniona mlangoni, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu uondoke, kwa hiyo sikukasirika. Nilikasirika kanisani, jua lilipoingia dirishani na mafuta yakaanza kushuka shingoni mpaka kwenye kola. Waliokaa nyuma yangu walinusa mandazi ibada nzima.

Kila nikichana, nywele zinakatika. Nikizilowesha, zinajikunja na kurudi kwenye ngozi kana kwamba sikufanya kitu. Nimejaribu mbele ya kioo, lakini kwenye kioo mkono wa kulia unakwenda kushoto, na kisogo hakionekani kabisa. Wewe ulikuwa unaanzia kisogoni.

Ningeweza kuvumilia haya yote kama si kazi. Kuna ofisi ya kahawa mjini Nyeri inayotaka msichana wa kupiga chapa. Nilikwenda Jumatano. Karani mkuu alisoma cheti changu akaridhika, kisha akainua macho juu ya cheti.

"Shule umemaliza," akasema, "lakini hiyo kichwa bado iko shamba. Ukuje Jumatatu ukiwa mtu wa ofisi."

Wenzake wakacheka. Na mimi, Tata, nilimwambia asante. Nilitembea mpaka karibu na nyumbani ndipo nikasikia nilichosema.

Muthoni wa mjomba alipata habari, akaja jana na kile kitana cha chuma cha kutia motoni na kunyooshea nywele, amekifunga kwa gazeti. Siku hizi anatengeneza wanawake nywele mjini, na zake zimelala kichwani kama majani yaliyonyeshewa. Hana ubaya. Hata malipo hakutaka. Aliweka kitana kwenye makaa, akanikalisha kwenye kigoda.

"Ati unaogopa? Ni dakika kidogo tu. Hata huyo karani atakuita madam."

Nilisikia harufu ya chuma kikipata moto, nikakumbuka nyuma ya sikio lako la kushoto. Nilikuwa darasa la sita ulipofungua kitambaa ukaniwekea kidole changu pale, mahali palipo laini, pasipo na unywele hata mmoja. Ulisema ulikuwa msichana, ulitaka kazi dukani, ukatiwa kitana cha moto. "Kazi nilipata. Nywele hazikurudi." Ukafunga kitambaa chako, na hatukulisema tena. Mama, mdogo wako wa damu, hakujua mpaka siku alipokuosha kwa ajili ya jeneza. Alitoka chumbani akaniuliza kama mimi nilijua. Nikasema ndiyo. Akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba.

Muthoni alipokiinua kitana nilisema, "Sitaki." Nilisema polepole mno, akafikiri nimekohoa. Nikarudia. Alikuwa bado ananiuliza kwani nitaenda ofisini na nini, na Mama akainuka, akamtoa kitana mkononi kwa kitambaa cha sufuria, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Muthoni alikwenda zake amenuna, na ninajua ni lazima nimwombe msamaha.

Leo tumetoka kanisani, nikamwomba Mama anifunge. Akaushika uzi, akautazama, akauweka chini.

"Sijui, Wairimu. Mimi pia alinifunga yeye tangu utotoni. Mimi pia nilitazama ng'ombe."

Basi tulikaa pale, watu wawili wanaoijua kazi yako kwa maumivu tu. Nikamwambia, alikuwa akivuta juu kwanza, halafu pembeni. Mama akasema hapana, pembeni kwanza, ndipo uzi unabana. Akajaribu, nikafumba macho, nikamwambia bado, bado, hapo. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili pia. Tulifika la nne jua likiwa limeshaanza kushuka. Mistari ni saba na hakuna hata mmoja ulionyooka. Nyuma, Mama anasema, kuna mmoja ulioshika njia ya Kiganjo.

Bado nina hasira nawe. Nafikiri nitakuwa nayo muda mrefu. Lakini kichwa hakiniwashi, na hakuna kilichoungua.

Kesho naenda hivi nilivyo. Kazi hii naitaka sana, Tata, kuliko nilivyomwambia Mama. Labda karani atanitazama juu ya cheti tena na wenzake watacheka. Nakuahidi jambo moja. Akinikataa, sitamwambia asante. Nitamwomba karatasi nipige chapa mbele yake, aone vidole vyangu, na nitaomba kwa sauti ya kusikika mpaka kule mlangoni.

Kwaheri, Tata wangu. Pumzika, mikono yako ilifanya kazi nyingi.

Wairimu